Mekatilili wa Menza: Mama Aliyevuka Bonde Letu kwa Miguu

Mpenzi msomaji, ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa hapa Nakuru akutajie mashujaa waliompinga mkoloni, hatachelewa. Atakutajia Koitalel arap Samoei wa Wanandi, atakutajia Waiyaki wa Hinga na Dedan Kimathi, na pengine ataongeza Ole Gilisho aliyekataa Wamaasai wahamishwe kutoka Laikipia. Lakini mwambie akupe jina la mwanamke mmoja tu, hapo ndipo utamwona anaanza kukuna kichwa. Akijitahidi sana atasema Mekatilili, kisha atanyamaza, kwa sababu hajui zaidi ya ile mistari miwili ya kitabu cha historia: kwamba aliwaongoza Wagiriama, na kwamba alihamishiwa Kisii.

Basi makala haya yanakusudia kumaliza kimya hicho. Na usiseme kwamba hiyo ni hadithi ya watu wa pwani isiyotuhusu sisi wa bara. Chukua atlasi yako uitazame Kenya. Weka kidole kimoja Kisii na kingine Kilifi, kwa Wagiriama. Katikati ya vidole hivyo viwili kuna nini? Kuna Bonde la Ufa, bonde letu. Mama huyu alivushwa bonde hili akiwa mfungwa, kisha akalivuka tena kwa miguu yake mwenyewe akirudi nyumbani. Mgeni akipita mlangoni pako namna hiyo, si vyema ukose hata kujua alikuwa nani.

Hakuwa Malkia

Wanawake waliopigana na madola makubwa ni wengi ulimwenguni. Kule Ulaya, mwanamke mmoja mtukufu wa Hungaria aliyeitwa Ilona Zrínyi aliilinda ngome ya Munkács dhidi ya majeshi ya Kaizari wa Austria tangu mwaka wa 1685 hadi Januari 1688. Hapa Afrika, Nzinga, malkia wa Ndongo na Matamba, aliwahangaisha Wareno wa Angola mpaka alipofariki mwaka wa 1663. Na Yaa Asantewaa, mama mkuu wa Ejisu katika nchi ya Waasante, aliongoza vita dhidi ya Waingereza mwaka wa 1900.

Sasa tazama jambo moja. Wote hao walikuwa watu wa majumba ya enzi. Walikuwa na vyeo, hazina na majeshi. Mekatilili hakuwa na chochote cha hayo. Wagiriama, kama Wamijikenda wenzao, hawakuwa na mfalme wala malkia. Mambo yao yaliamuliwa na baraza la wazee katika kaya, yaani makao matakatifu yaliyo ndani ya msitu, na kwa Wagiriama makao hayo yalikuwa Kaya Fungo. Katika baraza hilo wanaume ndio waliosema. Mekatilili alikuwa mjane, tena mtu mzima. Kwa nini basi maelfu ya watu walimsikiliza yeye wakaacha kuisikiliza serikali iliyokuwa na bunduki? Hilo ndilo swali ninalotaka tulitafute jibu lake pamoja.

Kuzaliwa na Kulelewa Kwake

Alizaliwa katikati ya karne ya 19 katika kijiji cha Mutsara wa Tsatsu, sehemu za Bamba, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kilifi. Jina alilopewa na wazazi wake ni Mnyazi. Baba yake aliitwa Menza, ndiyo maana akajulikana kama Mnyazi wa Menza. Wazee husimulia kwamba alikuwa binti wa pekee kati ya ndugu wa kiume.

Siku hizo Wagiriama hawakuwa maskini hata kidogo. Walilima mahindi na mtama, wakafuga mbuzi na ng'ombe, na walifanya biashara ya pembe za ndovu na watu wa mwambao. Wengi wao walivuka mto Sabaki kwenda upande wa kaskazini, penye ardhi yenye rutuba, na nafaka yao ikauzwa hadi Malindi na kwingineko. Lakini biashara nyingine pia ilikuwa ikiendelea pwani, nayo ni ile ya kuuza binadamu. Inasimuliwa kwamba Mnyazi alipokuwa bado msichana, kaka yake aliyeitwa Mwarandu alinyakuliwa na wafanyabiashara wa watumwa, mchana kweupe, sokoni. Alikwenda na hakurudi tena.

Msomaji, usiipite habari hii haraka haraka. Mtoto aliyeona ndugu yake akichukuliwa na wageni hawezi kusahau. Baadaye alipokuwa mtu mzima na kusikia wageni wengine wakija kuomba vijana wa kwenda kuwafanyia kazi mbali na nyumbani, hakuhitaji kufafanuliwa.

Mnyazi aliolewa na mwanamume aliyeitwa Dyeka wa Duka, wakajaliwa mtoto wa kiume wakamwita Katilili. Kwa desturi ya Wagiriama, mwanamke aliyejifungua huitwa kwa jina la mtoto wake, na ile "Me" ya mwanzo maana yake ni mama. Kwa hivyo Mekatilili ni Mama Katilili tu, kama vile sisi hapa tunavyomwita jirani Mama Wanjiru au Mama Chebet. Jina hilo linalotisha katika vitabu vya historia, kumbe ni jina la mama wa kawaida kabisa.

Mkoloni Aingia

Mwaka wa 1895 Uingereza ilitangaza kwamba nchi hii iko chini ya ulinzi wake. Mwanzoni Wagiriama hawakuhisi mabadiliko makubwa. Wapo hata waliokumbushana utabiri wa Mepoho, mwanamke wa zamani wa Kigiriama ambaye husimuliwa kuwa alitabiri kuja kwa watu wageni wenye nywele kama nyuzi za katani, ambao wangeharibu mila na kuwapotosha vijana. Lakini utabiri ni kitu kimoja na kuuona ukitimia mlangoni pako ni kitu kingine.

Shida yenyewe ilianza hivi. Mwaka wa 1907 serikali ilikomesha utumwa kisheria katika pwani ya Kenya. Jambo hilo lilikuwa jema, nani angelipinga? Ila wenye mashamba makubwa walibaki bila watu wa kuyalima. Wazungu nao walikuwa wamefungua mashamba ya mpira, pamba na mkonge, na bandari ya Mombasa ilihitaji wachukuzi. Watu hao wangetoka wapi? Serikali ikawatupia macho Wagiriama.

Mbinu ya kwanza ilikuwa kodi ya nyumba. Kodi hiyo ilitakiwa kwa fedha taslimu, si kwa mbuzi wala mahindi, ili mtu asiye na fedha alazimike kwenda kuzitafuta kwa kazi ya kijungu jiko. Lakini Mgiriama alikuwa na nafaka ya kuuza! Aliuza gunia zake, akalipa kodi, akabaki nyumbani kwake. Wakubwa wa serikali wakaona kwamba maadamu watu hawa wana ardhi nzuri kaskazini ya Sabaki, hawatakuja kuajiriwa. Basi likazaliwa wazo la kuwaondoa huko.

Sisi wa Nakuru tunayaelewa mambo haya vizuri. Hapa bondeni, miaka hiyo hiyo, Wamaasai walikuwa wameondolewa katika malisho yao ili walowezi wapate nafasi, na katika mashamba ya Njoro, Naivasha na Molo babu zetu waligeuka kuwa vibarua na maskwota. Ilikuwa ni hesabu ile ile: mnyang'anye mtu ardhi, mtoze kodi, na yeye mwenyewe atakuja kuomba kazi.

Mnamo Oktoba 1912 aliletwa kwa Wagiriama bwana shauri mmoja kijana aliyeitwa Arthur Champion. Kazi yake ilikuwa kuhesabu nyumba, kukusanya kodi, kuweka machifu wa serikali juu ya wazee wa kaya, na zaidi ya yote, kuandikisha vijana wa kwenda kazini. Wazee walijaribu kumkwepa huku na huku. Machifu waliowekwa walijikuta katikati: wakimtii Mzungu wanachukiwa na watu wao, wakiwatii watu wao wanachapwa faini na Mzungu.

Ngoma ya Kifudu na Kiapo

Hapo ndipo Mekatilili alipojitokeza. Katikati ya mwaka wa 1913 alianza kuzunguka kijiji kwa kijiji akicheza kifudu. Kifudu ni ngoma ya msiba, ngoma ya wanawake, na kawaida huchezwa kumwomboleza marehemu. Mtu akisikia kifudu alijua kuna msiba, akatoka kwenda kutazama. Walipofika wakamkuta mama huyu anacheza, nao wakawa wanamfuata. Umati ulikua kama maji ya mvua yanavyojaa kijito.

Na wakisha kukusanyika, aliwaeleza ni nani aliyefiwa. Aliwaambia kwamba wao wenyewe ndio waliofiwa: ardhi yao inakufa, kaya yao inakufa, na watoto wao wa kiume wanachukuliwa kama ndugu zao walivyochukuliwa zamani na wauza watumwa. Aliwataka akina mama wakatae kuwatoa watoto. Aliwashutumu machifu waziwazi kwamba wanauza watu wao kwa mshahara wa serikali.

Naam, sasa tunaanza kuliona jibu la swali letu. Mzee wa kaya angeweza kuzungumza juu ya sheria na mipaka, na watu wangemsikiliza kwa heshima. Lakini Mama Katilili alizungumza juu ya mtoto. Kila mwanamke aliyekuwa na kijana nyumbani alilala usiku akiwaza kama kesho askari watamjia. Mekatilili alilisema hadharani lile ambalo wengine walilisema jikoni kwa sauti ya chini.

Aliungana na mzee mmoja aliyeitwa Wanje wa Mwadorikola, mtu mwenye kuheshimiwa sana katika mambo ya kaya. Wawili hao wakawaita watu Kaya Fungo, wanaume kwa wanawake. Mkutano ulikuwa mkubwa ajabu. Hapo ndipo vilipotolewa viapo viwili: wanawake walikula kiapo kiitwacho mukushekushe, na wanaume kiapo kiitwacho fisi. Kwa viapo hivyo watu walijifunga kwamba hawatatoa vijana wa kazi, hawatalipa kodi, wala hawatashirikiana na serikali kwa lolote. Mwenye kuvunja kiapo aliamini kwamba mauti yatamfuata.

Matokeo yalionekana mara moja. Champion aliita baraza, watu hawakuja. Alituma machifu kuleta vibarua, wakarudi mikono mitupu, na wengine hawakuthubutu hata kutoka nje. Serikali ilikuwa ipo, lakini ikawa kama haipo. Maofisa wa Kizungu wenyewe walikiri katika taarifa zao kwamba Mgiriama alikiogopa kiapo chake kuliko alivyoiogopa serikali.

Kuna kisa kimoja ambacho kila mtoto wa Kigiriama hukijua. Inasimuliwa kwamba Champion alipokuwa akiwahutubia watu ili wamtolee vijana, Mekatilili alifika na kuku mwenye vifaranga. Akamwambia Mzungu ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Champion aliponyoosha mkono, kuku akamrukia akamdonoa. Mekatilili akamweleza kwamba ndivyo atakavyofanyiwa akijaribu kuchukua watoto wa Wagiriama. Husemwa kwamba Mzungu alikasirika, akampiga kuku huyo risasi. Basi watu wote wakawa wameona kwa macho yao: kuku alimtetea mwanawe, na Mzungu akajibu kwa bunduki. Kila upande ulionyesha ulivyo.

Kukamatwa na Safari ya Kisii

Serikali haikuvumilia. Tarehe 17 Oktoba 1913 Mekatilili alikamatwa, na Wanje pia akatiwa mbaroni. Champion katika taarifa zake alimwita mchawi. Neno hilo, ndugu msomaji, si neno dogo. Ukimwita mtu kiongozi, itabidi uulize watu wanamfuatia nini, na ukiuliza hivyo utayasikia malalamiko yao. Ukimwita mchawi, umefunga mlango. Huna haja ya kusikiliza tena. Nasikitika kusema kwamba neno hilo halijaisha makali yake. Hata katika miaka yetu hii, huko huko Kilifi, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi kwa sababu ya mvi zao tu, na mara nyingine chanzo chake ni ugomvi wa shamba. Ardhi tena!

Iliamuliwa kwamba Mekatilili na Wanje wapelekwe mbali kabisa, Kisii, mahali ambapo hawana ndugu wala hawaelewi lugha. Siku hizo njia kuu ya kutoka pwani kwenda Nyanza ilikuwa reli, ile iliyofika Nakuru mwaka wa 1900 na Kisumu mwaka wa 1901. Ilipita katika nchi iliyokuwa imekwisha kunyamazishwa. Milima ya Nandi ilikuwa imempoteza Koitalel, aliyeuawa kwa hila tarehe 19 Oktoba 1905 alipokwenda kufanya mazungumzo ya amani. Kisii kwenyewe kulikuwa kumeadhibiwa vikali mwaka wa 1908, baada ya Otenyo kumchoma mkuki bwana shauri Northcote, naye Otenyo alitiwa moyo na mwanamke mwonaji aliyeitwa Moraa. Bila shaka serikali ilidhani kwamba imemweka mama huyu pahali salama, penye watu waliokwisha kujua bunduki ni nini.

Ikadhani vibaya. Mapema mwaka wa 1914 Mekatilili na Wanje walitoroka.

Hebu tulia kidogo hapo, uirudie atlasi yako. Ukipima kwa rula, kutoka Kisii hadi Kaya Fungo kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 600 hivi. Lakini hakuna binadamu anayetembea kwa mstari wa rula. Kuna vilima vya Kisii vyenye baridi na mvua. Kuna kuta za Bonde la Ufa, za kushuka upande mmoja na za kupanda upande wa pili, na sisi tuliozaliwa hapa tunajua jinsi magoti yanavyolia mtu akipanda mteremko hata wa kilomita tatu tu. Halafu kuna nyika kubwa kati ya nyanda za juu na pwani, nyika isiyo na maji, nchi ya simba wale wa Tsavo ambao mwaka wa 1898 walikula wajenzi wa reli. Waliyapita yote hayo wakiwa watoro, hawana pesa, hawajui lugha za watu njiani, na mama mwenyewe hakuwa kijana tena. Sisi tukichelewa matatu kutoka Njoro tunalalamika mpaka jioni!

Walifika. Watu walipomwona yule waliyeambiwa hatarudi amesimama mbele yao, hofu ya serikali ilizidi kupungua. Mekatilili akaendelea pale pale alipoachia.

Vita vya 1914

Mwaka huo serikali ilikwisha kuamua kuumaliza ubishi. Iliwaamuru Wagiriama wahame kutoka kaskazini ya Sabaki, na iliifunga Kaya Fungo. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipotangaza vita na Ujerumani huko Ulaya, kaya ililipuliwa kwa baruti. Miti mikubwa iliyotunzwa na vizazi vingi ikaanguka. Mtu akitaka kuelewa uchungu huo, afikirie kanisa lake au msikiti wake ukilipuliwa huku waumini wakitazama.

Wagiriama walishika mishale. Kambi ya Champion ilishambuliwa, na mapigano yakaenea kote kote. Mekatilili na Wanje walikamatwa kwa mara ya pili mwezi huo wa Agosti na kuondolewa tena, lakini moto ulikuwa umekwisha kuwaka. Serikali ilileta askari wa Keya wenye bunduki. Mshale na bunduki, msomaji, si mizani moja. Vijiji vilichomwa, mbuzi kwa maelfu wakachukuliwa, na zaidi ya Wagiriama 150 waliuawa. Mapigano yalipokwisha, mnamo Oktoba, Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000, wakatakiwa kutoa vijana 1,000 wa kazi, na kuondoka kaskazini ya Sabaki. Na vijana wa siku hizo kazi yao ilijulikana: ni Kariakoo, kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya vita vya Waingereza na Wajerumani kule Tanganyika, ambako maelfu kwa maelfu ya Waafrika walikufa kwa njaa na magonjwa.

Hapa lazima tuseme ukweli wote, kwa maana historia si wimbo wa sifa tupu. Watoto ambao Mekatilili aliwakataza wasichukuliwe, wengine wao walichukuliwa baada ya kushindwa. Ziko nyumba zilizobaki bila mbuzi hata mmoja. Ilikuwepo pia njaa. Mtu anaweza kuuliza, na wapo wanaouliza: je, haikuwa afadhali kunyamaza? Kama wangelipa ile kodi na kutoa vijana wachache, si watu 150 wangekuwa hai?

Mimi nimelifikiria swali hilo, na naona jibu lake liko katika yale yaliyofuata. Baada ya miaka michache, serikali yenyewe iliona kwamba kuwaondoa Wagiriama kaskazini ya Sabaki kulikuwa kosa. Ardhi ile ilikaa bure, nafaka haikupatikana, na watu hawakuenda kuajiriwa kama ilivyotarajiwa. Kabla vita vikuu havijamalizika Wagiriama walianza kuruhusiwa kurudi ng'ambo ya mto. Mkoloni alikuwa amejifunza kwamba kuwalazimisha watu hawa kunagharimu. Laiti wangenyamaza tangu mwanzo, nani angemfunza? Wale waliokuwa wamenyamaza sehemu nyingine hawakurudishiwa hata shubiri.

Kurudi na Kufariki

Mwaka wa 1919 Mekatilili na Wanje walirudi nyumbani. Serikali ilikuwa sasa inataka utulivu, na wazee walikuwa wanaitaka kaya yao. Basi wawili hao wakakaa Kaya Fungo, Wanje akiongoza baraza la wanaume, na Mekatilili akiongoza baraza la wanawake. Tazama basi: mjane aliyeanza kwa kucheza ngoma ya msiba vijijini, sasa amekalia kiti katika ile kaya ambayo Waingereza walidhani wameimaliza kwa baruti.

Alifariki mwaka wa 1924, akazikwa Bungale, sehemu za Magarini. Uhuru wa Kenya ulikuja miaka 39 baada ya kifo chake.

Kwa muda mrefu jina lake halikutajwa sana nje ya pwani. Siku hizi mambo yamebadilika kidogo. Siku ya Mashujaa ya kwanza, tarehe 20 Oktoba 2010, sanamu yake ilizinduliwa Malindi katika bustani ambayo sasa ina jina lake. Tarehe 9 Agosti 2020 Google iliweka picha yake katika ukurasa wake wa mbele. Na Kaya Fungo, ambayo pia huitwa Kaya Giriama, ni mojawapo ya misitu ya kaya iliyotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2008. Baruti haikuimaliza.

Tunajifunza Nini?

Wanafunzi wenzangu, tuliuliza kwa nini watu walimsikiliza mama huyu. Hakuwa na cheo, hakuwa na bunduki, hakwenda shule, wala hakuwa na ngome kama yule mwanamke wa Hungaria. Watu walimsikiliza kwa sababu aliwasemea jambo lililowauma wote, na kwa sababu alikuwa tayari kulipia maneno yake kwa miguu yake mwenyewe. Alipelekwa mbali akarudi. Akapelekwa tena, akarudi tena.

Wasichana wa shule yetu, na wavulana pia, mara nyingi tunangoja kwanza tuwe wakubwa, tuwe na digrii, tuwe na vyeo, ndipo tuseme kwamba jambo fulani si haki. Mama Katilili alingoja nini? Alikuwa na jina la mtoto wake tu, na ngoma ambayo kila mtu aliijua.

Siku utakapopanda gari kutoka hapa kwenda Kisii au kwenda Mombasa, utazame nje dirishani. Utaona mteremko wa bonde letu, mrefu, umejaa mawe na miiba. Ukumbuke kwamba mwaka wa 1914 mama mmoja mtu mzima alipita upande huu wa nchi kwa miguu, akielekea mashariki, nyumbani kwake, huku serikali nzima ikimtafuta.